Binti Yangu Hakufa

Binti yangu hakufa. Natanguliza hilo kwa sababu nimechoka kulisema mwishoni, watu wakiwa wamekwisha kulia. Ana afya, ana mdomo, na ukienda sokoni hapa Baraka ukajaribu kumpunguzia bei ya kitenge utajua mara moja kwamba yu hai. Lakini ukitoka hapa ukapanda Fizi, ukafika Lubondja, ukaingia ndani mpaka Kilembwe, utakuta kwaya zinaimba wimbo wangu, na kabla hazijaanza, prezida wa kwaya atasimama awaeleze watu jinsi fundi mmoja wa Baraka alivyoutunga juu ya kaburi la mwanawe wa pekee. Fundi huyo ni mimi. Kaburi silijui. Na mtoto si wa pekee. Ninao wengi, wote wanakula.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu inakaa kwenye kibaraza karibu na soko, chini ya mabati yanayovuja upande mmoja, na nyimbo zangu karibu zote zimetoka kwenye mashine hiyo. Mguu unapiga kanyagio, sindano inapanda na kushuka, na maneno yakipata mwendo huo yanakaa. Watu hawapendi kusikia hivyo. Wanataka mtunzi wa nyimbo za Mungu awe amefunga chakula mlimani, amelia, ameona mwanga. Kijana mmoja wa kanisani aliwahi kunifuata na simu yake, ananirekodi, akaniuliza wimbo fulani niliupata katika maono gani. Nikamwambia nilikuwa natia zipu kwenye suruali ya mwalimu. Akazima simu.

Mke wangu naye ana malalamiko yake. Wimbo ukinijia sisikii nikiitwa, na siku moja nilishona mkono wa kushoto kulia na wa kulia kushoto kwenye koti la shemasi. Akalivaa Jumapili hivyo hivyo, akawa anaonekana kama anaondoka huku anakuja. Mke wangu husema Mungu amempa mume ambaye kila mtu anamjua kwa machozi, na yeye ndiye anayejua anavyopoteza makasi.

Sasa asili ya wimbo wenyewe. Binti yangu alikuwa mdogo, hajaanza shule, homa ikamshika wakati wa mvua. Tulimpeleka hospitali, wakamtundikia maji, wakampa dawa, wakafanya yote waliyoweza, kisha tukarudi naye nyumbani tukangoja. Mke wangu alikaa naye ndani. Mimi kukaa sikuweza. Wanaume wengine wakishindwa kukaa karibu na kitanda cha mtoto hutembea, au hunywa, au hutafuta wa kugombana naye. Mimi nilikwenda kwenye mashine, ambayo wakati ule ilikuwa bado mlangoni kwangu, nikashona sare za kwaya. Niliogopa. Niliogopa mpaka nikawa siwezi kuomba kwa maneno ya kawaida, ndipo yakaja haya:

Nyumba yangu ni ndogo, Bwana,
homa imeingia bila hodi.
Keti hapa nasi, Bwana, mkeka upo.

Mikono yangu yajua nguo, Bwana,
pumzi haijui kuishona.
Keti hapa nasi, Bwana, mkeka upo.

Nilikuwa kwenye ubeti huo wa pili, naurudia na kuurudia, jua limeanza kupoa, nikasikia kelele ndani. Mtoto ameketi. Anataka bugali. Na si bugali tu: anataka kujua zile ndagala zilizobaki jana, samaki wale wadogo wa ziwa letu, nani amezila. Alikuwa amekasirika kwelikweli. Mke wangu alitokea mlangoni na mwiko mkononi, anacheka huku machozi yanamtoka, hawezi kusema. Nikaumaliza wimbo palepale:

Mtoto ameketi, Bwana, ataka bugali,
auliza samaki wameliwa na nani.
Mama acheka na mwiko mkononi.
Keti hapa nasi, Bwana, mkeka upo.

Ndiyo asili yote. Hakuna malaika, hakuna kaburi. Ni wimbo wa shukrani wa mtu ambaye mwanawe amepata njaa.

Wanakwaya walipokuja kujaribisha sare wakanikuta nauimba. Wakaupenda, wakaushika hapo hapo, mmoja kavaa sketi ambayo haijatiwa mshipi, mwingine kashikilia pindo na pini. Nilifurahi kama mjinga. Haukupita muda mchungaji wetu mzee akafariki, na kwaya haikuwa na wimbo mpya wa kuimba mbele ya wageni waliotoka mbali. Wakauchukua wangu. Beti mbili za kwanza zilikaa vizuri mno: nyumba, pumzi, na mkeka ambao waombolezaji walikuwa wameukalia. Ubeti wa tatu wakauacha, na kwa siku ile siwalaumu, maana huwezi kusimama mbele ya mjane ukaimba habari za mtu aliyeinuka kitandani akadai samaki.

Lakini kwetu wimbo ukishaingia kilioni hautoki. Sheria hiyo hakuna aliyeiandika, na kila mtu anaishika. Nyimbo za ndoa ni za ndoa, za kilio ni za kilio, na atakayezichanganya atatazamwa kana kwamba amekuja harusini na jeneza. Wangu uliingia mara moja, ukafungiwa humo. Na kwa kuwa wimbo hauimbwi bila kutolewa ushuhuda kwanza, chumvi ikaanza kutiwa. Mwanzo nilikuwa fundi ambaye mtoto wake alizidiwa. Msimu uliofuata mtoto alikwisha kufariki. Huko Kilembwe alizama ziwani, na Kilembwe hawana ziwa. Mahali pengine niliutunga nikiwa bado nimeshika jembe la kuchimbia kaburi. Siku moja redio iliupiga, na mtangazaji akanitaja kama marehemu. Nilikuwa natia vifungo, nikamsikia mteja wangu akisema pole.

Nilijaribu kusahihisha, Mungu ni shahidi yangu. Nilikwenda kwenye kilio cha mjomba, kule Lubondja, prezida wa kwaya ya kule akautoa ushuhuda wangu mbele yangu mwenyewe, nikasimama nikawaambia huyo mtoto yuko Baraka, asubuhi hii nimemwacha anafagia. Kisha mama mmoja mzee aliyeketi kando yangu akanishika mkono kwa huruma.

“Njo vile, papa,” akasema, yaani ndivyo ilivyo. “Iko. Iko na Bwana.”

Wote wakaitikia amina. Nikaketi, maana ungefanya nini?

Binti yangu mwenyewe alikuwa analichukulia kama mchezo. Alipokua akaanza kuuza vitenge, wateja waliotoka ndani ndani huko walikuwa wakimsimulia habari za mtoto wa fundi aliyekufa, wanajifuta macho kwa ncha ya khanga, naye anawasikiliza kwa adabu zote mpaka mwisho, kisha anawauliza kama wanachukua kile cha bluu. Alirudi nyumbani akituigizia sauti zao, tukacheka. Mambo yangeendelea hivyo, mimi nikinung'unika na wao wakinicheka, kama asingepata mchumba.

Kijana anatoka Lweba, watu wa kuvua na kulima, watu wazuri. Walikuja kujitambulisha, tukala, tukasali, mazungumzo yakaenda vyema mpaka shangazi wa kijana alipoweka sahani chini akanigeukia.

“Papa, tunaomba kuuliza, usikasirike. Huyu binti njo wa kwanza, ao njo ule alizaliwa nyuma ya ule alikufaka?”

“Hakuna mwenye alikufa,” nikasema.

“Ule wa wimbo.”

“Ule wa wimbo njo huyu. Njo huyu alikuletea mayi ya kunawa.”

Shangazi akamtazama binti yangu kuanzia kichwani hadi miguuni. Nilitegemea afurahi. Badala yake hofu ilimzidi.

“Basi iko mubaya zaidi,” akasema polepole. “Batu bote banamulilia, na bado iko muzima. Muntu ataingia namna gani ku nyumba ya bwana na wimbo ya kilio nyuma yake?”

Hakuna aliyemcheka. Wakwe waliaga kwa heshima zote, lakini waliaga mapema. Walipoondoka binti yangu alikusanya sahani, akaziweka chini, akanisimamia mbele.

“Papa, ile wimbo ni yangu. Njo mi niliomba bugali. Baiimbe yote ku ndoa yangu, na ubeti ya tatu, mbele ya ule shangazi. Kama hapana, mi siende Lweba. Siwezi kuolewa na bantu banasema nilikufa.”

Binti yangu akisema haendi, haendi. Na kijana yule alimpenda. Walipokuwa wakiaga nilimwona alivyogeukia ukutani asinionyeshe machozi. Kwa mara ya kwanza ule uongo haukuwa unanisumbua mimi peke yangu. Ulikuwa umesimama mlangoni mwa ndoa yake, na wa kuuondoa nilikuwa mimi.

Ungedhani mtunzi akiomba wimbo wake uimbwe, utaimbwa. Nilikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Prezida wetu, mtu mpole, mpole wa kukutia kichaa, alinisikiliza akitikisa kichwa, kisha akanijulisha kwamba jambo langu litapelekwa kwenye komite. Komite ikakaa. Ikakaa tena. Wakaja na mapendekezo: waupige kwa kinanda bila maneno; wauimbe nje, wageni wakiwa wanaondoka; nitunge mwingine, kwani nashindwa nini.

“Papa fundi,” prezida akasema, “tunakuheshimia sana. Lakini ile wimbo iko na historia yake.”

“Historia gani? Historia njo mi hapa! Mi niliitunga, mutoto ni wangu, na bugali alikula ni ya mama yake!”

“Njo, papa. Lakini batu banaijua vingine.”

Nilipiga meza, chupa ya soda ikaanguka, nikaiokota mwenyewe. Mwishowe wakanisukumia kwa mama anayeanzisha wimbo huo. Akikubali yeye, na wao watakubali. Walijua wanachofanya.

Mama huyo ni Mrundi, alikuja na wakimbizi, anaishi kambini na analima kipande cha shamba alichoachiwa na wenyeji. Sauti yake ndiyo iliyoutembeza wimbo wangu Fizi nzima. Mtu akimsikia anasahau alichokuja kufanya. Nami nilikuwa nimemkasirikia kwa sababu hiyo hiyo, kimoyomoyo, huku namshonea sare bila kusema kitu. Nilimkuta shambani ameketi anamenya mihogo. Nilikuwa nimejiandalia hotuba njiani, nikaitoa yote nikiwa wima: uongo, chumvi, komite, shangazi wa Lweba, binti yangu aliyeugua akapona.

Akaacha kumenya.

“Hakufaka?”

“Hakufaka. Njo ule wa vitenge, ku soko.”

“Mi nilijua ule wa vitenge ni ndugu yake.”

Kisha akanieleza, bila kunilaumu, na heri angenilaumu. Alifiwa na mwanawe mara tu walipofika upande huu, kabla hajajuana na mtu. Hakuwa na jamaa wa kulia naye. Kwaya yetu ilikwenda kambini kuimba kwenye maziko, na prezida akatoa ushuhuda wa fundi wa Baraka.

“Nikasema, kumbe hapa kuko baba moja anajua,” akasema. “Njo maana niliingia ku kwaya. Kila nilipita ku mashini yako, nilikuwa nasema mu roho: ule papa na mi tuko sawa.”

Nilikumbuka salamu zake. Alikuwa akipita ananiinamishia kichwa kidogo, haongezi neno, nami nadhani ni aibu tu ya ugeni. Kwa kukosa akili nyingine nikamwimbia ubeti wa tatu, kwa sauti ya chini, pale katikati ya maganda. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Ni muzuri,” akasema. “Wangu hakuamuka. Hakuomba bugali.”

Akachukua muhogo mwingine.

Nilirudi nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Prezida alitia chumvi, ndiyo, lakini chumvi hiyo ndiyo iliyomwinua mama huyu akaweza kusimama tena. Mimi sikumdanganya mtu, na bado nilikuwa nimetoka kumnyang'anya kitu. Niliona haya, na haya kwangu hutoka kama hasira. Nilimfokea mbuzi wa jirani njia nzima. Nikamwambia binti yangu aachane na habari hiyo, tutatafuta wimbo mwingine, shangazi tutamtuliza kwa maneno. Asubuhi alimwachia jirani meza yake ya vitenge, akaenda shambani kwa yule mama peke yake. Alirudi jioni na fungu la sombe, majani ya muhogo, kucha zimejaa udongo.

Nilimuuliza wamesemezana nini. Akasema, “Ni mambo ya bamama, papa.” Nikamkumbusha kwamba wimbo niliutunga mimi. Akaniambia nikamalize gauni lake.

Siku ya ndoa kanisa lilijaa mpaka madirishani, Lweba upande mmoja, Baraka upande mwingine. Binti yangu alikaa kama desturi inavyotaka: kichwa chini, uso umefungwa, hakuna tabasamu, maana kwetu bibi harusi anayecheka husemwa kwamba amefurahi kuwaacha wazazi wake. Kwaya ikasimama. Hawakutoa ushuhuda wowote, jambo ambalo sijapata kuliona. Yule mama akatoka mbele, akaanzisha wimbo wangu.

Upande wa Lweba ukavurugika. Shangazi alishika tama. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, na kwaya, kwa mazoea yao, ikaanza kushusha sauti ili imalize. Mpiga kinanda alikwisha kuondoa mikono. Yule mama hakushusha. Aliendelea peke yake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyefundishwa: mtoto ameketi, mtoto ataka bugali. Alipofika pale kwenye kuuliza samaki wameliwa na nani, mzee mmoja mvuvi wa Lweba aliangua kicheko, hakuweza kujizuia, na kicheko kikashika kanisa zima. Shangazi aliuondoa mkono shavuni ili ashike mbavu, akamnyoshea binti yangu kidole akimwambia jirani yake, njo huyu, njo huyu. Binti yangu hakuinua uso. Mabega tu yalikuwa yanamtikisika chini ya shela niliyoishona mimi.

Yule mama hakucheka wala hakulia. Aliliweka kila neno mahali pake, akarudi kwenye mstari.

Wakati wa chakula nilimfuata nje nimshukuru. Alikuwa amesimama na sahani yake, hajaigusa.

“Nimeimba juu ya mutoto wako, papa,” akasema. “Usiniombe tena. Ku kilio tutaimba beti mbili.”

Nikasema sawa. Nilisema sawa upesi, bila kubishana, jambo ambalo mke wangu haliamini mpaka leo.

Na ungedhani baada ya hapo watu wamenielewa. Wapi! Sasa wako wanaosema binti wa fundi alikufa, akafufuka, akaolewa Lweba. Mwanamke mmoja alimletea mtoto mwenye homa amwekee mikono, na binti yangu akamshika mkono huyo mama akampeleka hospitali kwa mguu, wanagombana njia nzima. Hilo alilirithi kwangu. Mimi nimeacha kubishana na wote; nabishana na baadhi.

Majuzi kulikuwa na kilio mtaani kwetu. Mwanamke kijana amemzika mtoto wake wa kwanza. Binti yangu alikuwa amekuja kututembelea, tukaenda pamoja, tukaketi nyuma ya watu. Kwaya ikafika. Prezida akaanza: fundi mmoja wa hapahapa Baraka, mtoto wake, kaburi. Uongo uleule, kutoka kwa mtu aliyekula pilau kwenye ndoa ya marehemu! Na suruali aliyovaa nilimshonea mimi. Damu ikanipanda, nikaanza kuinuka, binti yangu akanivuta shati.

“Ikala, papa.”

“Anakuzika tena,” nikamnong'oneza. “Na we uko hapa!”

“Anizike. Mi niko. Ule mama njo hana mutoto.”

Nikatazama mbele. Mfiwa alikuwa amelala ubavu tangu tulipofika, hataki maji, hataki kuguswa. Alipotajwa huyo fundi aliinua kichwa, akawa anatafuta katikati ya watu, na mtu mmoja akanionyesha kwa kidole. Akanitazama. Nikaketi, nikamwinamishia kichwa. Binti yangu akajisogeza nyuma ya mgongo wangu, akajifunika kitenge mpaka usoni, mfiwa asije akamwona.